Daktari aliyeiandika kwashakoo: aligundua yeye au walishagundua akina mama wa Accra?

Nguru_wa_Tanga #1
Habari wakuu. Tuliosoma shule za msingi Bongo wote tulikaririshwa kwashakoo, ile picha ya mtoto tumbo kubwa miguu myembamba, ukiulizwa chanzo unajibu "ukosefu wa protini" unapewa vema yako unaendelea na maisha. Sasa juzi nimekutana na habari za daktari aliyeipeleka hiyo kwashakoo kwenye majarida ya kitabibu, kumbe ni mwanamke, Cicely Williams, Mwingereza wa London, alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni kule Gold Coast ambayo ndo Ghana ya leo. Kaandika 1935, wakubwa wakambishia kwamba hicho anachokiona ni pelagra tu, ugonjwa mwingine wa lishe. Na jina lenyewe la kwashiorkor kalichukua kwa Waga, kabila la pale Accra, ni jina lao la ugonjwa unaompata mtoto mkubwa mdogo wake akizaliwa. Sasa naomba mnisaidie, kama wamama walishaujua na jina wanalo, huyu daktari aligundua nini hasa? Na mbona shuleni tulitajiwa ugonjwa, mtu hatukutajiwa?

MzeeKitabu #2
Uzi mzuri ila tuweke kumbukumbu sawa. Huyo mama hakuzaliwa London, kazaliwa Jamaica, sehemu inaitwa Kew Park kule Westmoreland, Desemba 1893, baba yake alikuwa mkuu wa elimu wa kisiwa. Uingereza alipelekwa kusoma akiwa na miaka kama 13. Na 1935 ni mwaka aliolitoa jina kwenye Lancet, ugonjwa wenyewe alishauandika 1933 kwenye jarida jingine la magonjwa ya watoto, akauita ugonjwa wa lishe wa watoto unaoendana na mlo wa mahindi. Na humo humo 1933 alisema upungufu wa protini au amino asidi fulani hauwezi kuondolewa kwenye orodha. Aliweka mlango wazi tu. Waliokuja kuapa kwamba ni protini basi ni wengine, baada yake.

Halafu kuna kitu watu hawakisemi, udaktari Oxford aliingia kipindi cha vita ya kwanza, wanaume wako vitani nafasi zimebaki. Oxford yenyewe ilikuwa haiwapi wanawake digrii mpaka 1920, yani unasoma, unafanya mtihani, unafaulu, karatasi hupewi.

Chalii_wa_Unga #3
Kwa hiyo Wajerumani wasingeanzisha ule ugomvi leo kwashakoo ingekuwa inaitwa pelagra hahahaaa

Sista_Wadi #4
Nguru hapo kwenye picha mlidanganywa au mlichanganyiwa mbili. Mtoto wa kwashakoo miguu haiwi myembamba, inavimba. Ndio maana wazazi wanachelewa kumleta, wanaona mtoto kanenepa mashavu. Wa kukonda mifupa ikaonekana ni marasmasi. Nimefanya kazi wadi ya watoto miaka mingi nikwambie jinsi tunavyompokea: unashika miguu yote miwili kwa pamoja, unabonyeza juu ya unyayo kwa vidole gumba, unahesabu taratibu moja mpaka tatu unaachia. Kama kinabaki kishimo miguu yote miwili, huyo anaanzishiwa matibabu, hata kama mizani inasema uzito upo. Nywele zinageuka rangi zinakuwa kama shaba, ukizivuta zinatoka bila maumivu. Ngozi ya mapaja inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Na kinachoniuma mimi kuliko vyote ni ile hali yake, hacheki, hachezi, ukimgusa analia kwa hasira na uji hautaki.

Sasa ukimtibu vizuri, siku za mwanzo uzito UNASHUKA. Maji yanatoka. Hapo ndo mama anapotaka kutoroka naye maana anaona hospitali inammalizia mtoto.

Mganda_Mpole #5
Asante sista. Mimi ni wa Kampala, Kiswahili changu mnisamehe. Huku Baganda wanauita obwosi, na maelezo ya wazee ni yale yale ya Accra kabisa, mama akipata mimba nyingine huku ananyonyesha, joto la ile mimba linamchoma huyu anayenyonya. Watu wa Accra na Buganda hawakukaa kikao lakini wote waliona kitu kimoja: mtoto anaumwa akitoka kwenye ziwa. Kwa hiyo swali la Nguru mimi najibu kwamba wamama ndio waliona kwanza.

Na pale hospitali ya Mulago kuna Mwanamugimu, kituo cha lishe cha watoto tangu miaka ya 60, mpaka leo kinafanya kazi. Mama analala na mtoto, anafundishwa kupika vyakula vya nyumbani.

Mluguru_Halisi #6
Mnazunguka sana wasomi. Huo ugonjwa kwetu una jina na sababu yake inajulikana, mtoto KABEMENDWA. Wazazi wamekutana kabla ya wakati, au baba ametoka nje akaja kumshika mtoto. Mmeambiwa na Mganda hapo juu, mimba nyingine. Mimba inakujaje? Kwa upepo?

Chalii_wa_Unga #7
#6 umemaliza uzi mzee 😂😂

Sista_Wadi #8
Mluguru nikuulize kaka yangu kwa heshima. Nimepokea pacha, mama mmoja baba mmoja, wanalala kitanda kimoja wanakula sufuria moja. Mmoja kavimba kwashakoo, mwenzake anakimbia wadini anaiba biskuti za wenzake. Baba alimbemenda mmoja akamruka mwingine?

Kilifi_Mjomba #9
Huku pwani Kilifi twaita chirwa, na ni maneno hayo hayo ya wazazi kukosea miiko. Mimi siamini ila nawaambia ina madhara yake, mama akishaambiwa mtoto ana chirwa haji hospitali ng'o, maana kuja ni kama kukiri mbele ya kijiji kwamba yeye au mumewe alitoka nje. Anaenda kwa mganga usiku. Mtoto akifika hospitali ameshakuwa hoi. Kwa hiyo Mluguru usicheke, hilo jina limezika watoto.

MzeeKitabu #10
Kilifi umesema kitu kikubwa. Narudi kwa Williams. Alifika Gold Coast 1929, kabla ya hapo alisomea magonjwa ya ukanda wa joto London. Alichofanya ambacho madaktari wenzake wanaume hawakufanya ni kuuliza. Ugonjwa ulikuwa unapita mbele ya macho ya madaktari wote wa koloni, wao wanaandika kaswende, minyoo, pelagra, wanafunga faili. Yeye akauliza wenyeji mnauitaje, wakamwambia. Halafu akafuatilia mtoto mmoja mmoja, anakula nini, ameacha ziwa lini, mdogo wake kazaliwa lini. Wakifa anapasua maiti mwenyewe. Kuna siku alijikata kwenye kazi hiyo, ikaingia maambukizi karibu impeleke naye, na wakati huo antibiotiki hakuna.

Ila kusema wa kwanza duniani, hapana. Mexico kuna daktari aliandika kitu kinachofanana 1865, na Wajerumani Czerny na Keller 1906 waliandika ugonjwa wa watoto wanaolishwa unga mtupu bila maziwa. Hakuna aliyeunganisha.

Nguru_wa_Tanga #11
Nashukuru mzee. Sasa hao waliombishia walikuwa na hoja au roho mbaya tu kwa sababu ni mwanamke?

Daktari_Mstaafu_Moro #12
Vyote viwili nadhani. Aliyembishia zaidi ni Hugh Stannus, na huyu hakuwa mjinga, alikaa Nyasaland, Malawi ya leo, akaijua pelagra kwa kuiona kwa macho yake. Mtu akishakuwa bingwa wa kitu anakiona kila mahali. Pelagra ni upungufu wa naiasini, aina ya vitamini B, inakuja kwa walaji wa mahindi, ngozi inaharibika, mtu anaharisha. Mahindi yapo, ngozi ipo, kuharisha kupo, kwa nini asiseme pelagra? Williams akajibu kwamba madoa ya pelagra yanakaa pale jua linapopiga, shingoni na mikononi, hawa wake yanakaa kwingine kabisa, na hawa wamevimba. Hata Trowell pale Mulago miaka ya mwanzo alikuwa anauita pelagra ya watoto, baadaye ndo akaja kuwa mmoja wa watu wakubwa wa kwashiorkor Afrika Mashariki.

Ila la uanamke lipo, 1936 alihamishwa kwenda nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, baada ya kukorofishana na bosi wake kuhusu uendeshaji wa hospitali. Yeye alitaka kutibu na kufundisha mama viwe sehemu moja, wakubwa wanataka hospitali itibu tu, kliniki ya mama na mtoto iwe kivyake. Leo kila zahanati mama anapima mtoto, anapata chanjo na ushauri wa lishe siku hiyo hiyo kwa kadi moja, tunaona kawaida.

BintiKondoa #13
Mimi nina hoja nyingine kabisa, SUMUKUVU. Kwetu mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye ile kuvu, na Kenya 2004 kule Makueni na Kitui waliugua 317 wakafa 125. Hiyo sumu inapiga ini. Sasa mtoto anayekula uji wa mahindi hayo hayo kila siku kidogo kidogo, ini litabaki salama? Kuna watafiti walipima watoto wa kwashakoo Sudan miaka ya 80 wakaikuta hiyo sumu kwenye damu kuliko watoto wengine. Williams mwenyewe alisema mlo wa mahindi, huenda tatizo lilikuwa kwenye mahindi, tukakimbilia kusema tatizo ni kilichokosekana.

Daktari_Mstaafu_Moro #14
BintiKondoa hoja yako ina uzito ila ina shimo, mtoto wa kwashakoo ini lake tayari limejaa mafuta na limechoka, inawezekana sumu inaonekana nyingi kwa sababu ini halina nguvu ya kuitoa. Yani ugonjwa ndo unaleta sumu ionekane, sio sumu inaleta ugonjwa. Sijasema haiwezekani. Na sumukuvu ni mbaya hata bila kwashakoo, anikeni mahindi juu ya turubai sio chini.

Chalii_wa_Unga #15
sasa hapa tuna protini, joto la mimba, kubemendwa, chirwa, pelagra na kuvu. Mtihani wa darasa la saba ulitaka jibu moja tu

Muha_wa_Mjini #16
Protini ndo jibu acheni kujichosha. Maharage, dagaa, karanga, mayai, mtoto anapona. Bibi yangu alitibu wangapi na dagaa wa Kigoma.

Sista_Wadi #17
Muha hapo ndo ninapotaka watu wasome vizuri, maana mtu anaweza kuua. Mtoto wa kwashakoo mkali ukimpa protini nyingi siku za kwanza unaweza kumpoteza. Maziwa tunayoanza nayo wodini yanaitwa F-75, yana protini gramu 0.9 tu kwa mililita 100. Kidogo sana. Anapewa kila baada ya saa mbili au tatu usiku na mchana, chumvi kidogo, madini ya chuma HAPEWI mwanzoni. Uvimbe unaanza kushuka akiwa kwenye hayo hayo maziwa yenye protini kidogo. Akitulia, hamu ya kula ikirudi, ndo anapandishwa F-100 au ile siagi ya karanga ya pakiti. Sasa nieleze, kama ugonjwa ni kukosa protini tu mbona uvimbe unaisha kabla sijampa protini ya maana?

MzeeKitabu #18
Na hapo ndo historia inanoga. Baada ya vita Umoja wa Mataifa wakatuma Brock na Autret wazunguke Afrika, ripoti ikatoka 1952, kwashiorkor ikatangazwa ndo tatizo kubwa la lishe Afrika na dawa ni protini. Miaka ishirini dunia nzima inahangaika na protini, unga wa samaki, unga wa soya, maziwa ya unga. Kumbe India mtu anaitwa Gopalan alishalinganisha milo ya watoto wa kwashiorkor na wa marasmasi akakuta hawakutofautiana. Mwaka 1974 McLaren akaandika kwenye Lancet hiyo hiyo kwamba biashara yote ya protini ilikuwa kituko. Watoto wengi njaa yao ilikuwa ya chakula kwa ujumla.

Sisi wa umri wetu tunakumbuka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai kwenye redio, vikundi vya kusikiliza vinakaa chini ya mti, tukaambiwa makundi ya vyakula. Sijui waliokuwa wanatutungia walishasoma hilo la McLaren.

Mwana_Bukavu #19
Salamu kutoka Kivu. Huku tunaita bwaki. Kule Lwiro batoto wa bwaki wanatibiwa tangu wakati wa Wabelgiji. Sisi mahindi si chakula kikubwa, tunakula bugali ya mihogo, na bwaki iko. Kwa hiyo ile ya sumukuvu ya mahindi kwetu inaeleza sehemu tu. Na vita pia. Watu wakikimbia shamba, bwaki inaongezeka, hiyo haitaki maikroskopu.

BintiKondoa #20
Mwana Bukavu pole sana na hali ya huko.

Mkemia_Mwanza #21
Swali la pacha la sista kwenye #8 lilishafanyiwa utafiti, Malawi. Walifuatilia jozi 317 za pacha, matokeo yakatoka 2013. Kwenye jozi zilizougua, nyingi ni mmoja anaugua mwenzake mzima, chakula kile kile. Wakachukua bakteria wa tumboni wa wale pacha wakawapandikiza panya, wakawalisha chakula cha Kimalawi, panya waliopata bakteria wa mgonjwa wakakonda vibaya. Kwa hiyo kuna kitu tumboni. Mwaka huo huo Malawi wakaongeza antibiotiki kwenye matibabu, vifo vikapungua.

Daktari_Mstaafu_Moro #22
Malizia hadithi basi. Niger walirudia na amoksisilini, 2016, kupona hakukutofautiana sana na waliopewa dawa ya uongo. Na kabla ya hapo kulikuwa na hoja kwamba mwili umeishiwa vitu vya kupambana na kutu ya ndani, wakawapa watoto wa Malawi dawa ya kuzuia hiyo hali, 2005 wakasema haikuzuia kitu. Kila mtu ana ufunguo, mlango haufunguki.

Mama_Pacha #23
Nimesoma wote kimya. Mimi nataka kuongelea jambo jingine la huyo Cicely mmelisahau. Maziwa ya kopo. Singapore 1939 aliitwa kuhutubia klabu ya Rotary, akaipa hotuba yake jina la Maziwa na Mauaji. Kampuni zilikuwa zinatuma wasichana wamevaa kama manesi wanaingia nyumba za maskini wanawashawishi wazazi waache kunyonyesha wanunue maziwa ya kopo yenye sukari. Akawaambia wazi mbele ya matajiri kwamba vifo hivyo vihesabiwe ni mauaji. Mwanamke peke yake mwaka 1939!

Nasema hivi kwa sababu mimi nilipojifungua wangu, hospitali moja ya binafsi, sitaitaja, kabla hata maziwa hayajatoka nesi kaniletea kopo na kikaratasi cha duka. Nilikuwa na uchungu na watoto wawili wanalia, ningekubali chochote.

Kilifi_Mjomba #24
Pole dada. Kenya tuna sheria ya mbadala wa maziwa ya mama tangu 2012, hairuhusiwi kutangaza wala kugawa kopo hospitalini. Utekelezaji ndio huo mwajua wenyewe.

Muha_wa_Mjini #25
Tusiwaonee kampuni pia. Mke wangu anafanya kazi kiwandani, likizo ya uzazi ikiisha amnyonyesheje? Kwa simu?

Mama_Pacha #26
Muha anakamua anaacha kwenye kikombe chenye mfuniko. Na wewe unajifunza kunywesha kwa kijiko. Kwa simu eti.

Chalii_wa_Unga #27
Muha leo umekutana nao 😂 mara dagaa mara simu

MzeeKitabu #28
Mama Pacha umenikumbusha sehemu yenyewe. Wajapani walivamia Malaya mwisho wa 1941, yeye yuko kaskazini Trengganu, akashuka mpaka Singapore, mji ukaanguka Februari 1942 akafungwa gereza la Changi. Kambini wanawake wakamchagua kuwa kiongozi wao. 1943 Kempeitai, polisi wa kijeshi wa Kijapani, wakamchukua wakamweka miezi kadhaa kwenye vizimba vya mahojiano. Alitoka na beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, miguu imekufa ganzi. Daktari wa lishe anaugua ugonjwa wa lishe.

Na humo kambini aliandika takwimu fupi kuliko zote nilizowahi kusoma: watoto 20 walizaliwa, 20 walinyonyeshwa, 20 waliishi. Wanawake wenyewe wana njaa.

Sista_Wadi #29
Hiyo 20 kwa 20 kwa 20 naibandika ubaoni kliniki kesho.

Nguru_wa_Tanga #30
Aisee. Baada ya hapo aliishia wapi?

Daktari_Mstaafu_Moro #31
1948 akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha mama na mtoto WHO Geneva. Baadaye Jamaica kwao, miaka ya 50 mwanzoni, alitumwa kuchunguza ugonjwa wa kutapika unaoua watoto ghafla, ikaonekana unahusiana na tunda linaitwa aki likiliwa bila kuiva. Tena asili ya tunda hilo ni Afrika Magharibi, alikotoka. Baadaye akafundisha Beirut. Kafa Oxford 1992 na miaka 98. Na Jelliffe aliyeandika naye kitabu cha huduma za mama na mtoto alikuwa profesa Makerere, kwa hiyo mawazo yake yalifika huku hata kama jina halikufika.

Chalii_wa_Unga #32
Miaka 98 baada ya Kempeitai na beriberi, mnaniambia alikuwa anakula nini? Maana hapo ndo uzi wa lishe unaanza

Muha_wa_Mjini #33
Dagaa.

Mganda_Mpole #34
😂 Muha wewe!

Lakini mimi bado nashikilia #5. Daktari alikuwa jasiri, nakubali. Aliandika. Lakini mama wa Accra ambaye alimwambia jina, yeye jina lake mwenyewe halipo mahali popote.

Mkemia_Mwanza #35
Mganda, kuona na kuthibitisha ni kazi mbili. Wamama waliona mtoto anaumwa mdogo wake akija, wakasema ni joto la mimba. Williams aliona kitu kile kile akauliza anakula nini baada ya kutoka ziwani. Ni swali tofauti, na hilo swali ndo limeleta tiba.

Mganda_Mpole #36
Tiba ya F-75 ambayo nyie wenyewe hamjui kwa nini inafanya kazi?

Sista_Wadi #37
Hapo katupata. Ila Mluguru kajificha tangu #6, swali langu la pacha hajalijibu mpaka sasa.

Mluguru_Halisi #38
Sijajificha nilikuwa shamba. Dada, nimewasoma wote mpaka hapa. Protini imeulizwa kuhusu pacha ikashindwa. Kuvu imeulizwa ikashindwa. Bakteria wamejaribu Niger wakagonga mwamba. Hao wana maabara. Mimi nina jembe, unaniuliza peke yangu nijibu kwa nini mmoja na sio wote wawili?